Kituo kilifungwa, faili zikaletwa kwetu hospitali, wenyewe hawakuja. Wako wapi?

#1 Nesi_wa_Kivuko
Wadau, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, Pwani ya Kenya, kliniki ya dawa za HIV kwenye hospitali ya serikali. Jina la hospitali sitataja na msiniulize.

Mtaa wa nyuma yetu kulikuwa na kituo. Nyumba ya kawaida tu, vyumba vitatu, geti la bati la kijani. Kilikuwa kikiendeshwa na vijana wenyewe: mashoga, akina dada trans (waliozaliwa wakaitwa wavulana, wanaishi kama wanawake), na wengine wanaofanya kazi za usiku. Walikuwa wanapima, wanatoa ARV, PrEP (vidonge vya kinga kwa asiye na virusi), kondomu, vilainishi. Januari 2025 pesa za Marekani zikasimamishwa, geti likafungwa. Mwezi wa nne tukaletewa faili, masanduku mawili ya karatasi yaliyozungushiwa selotepu. Tukaambiwa hawa ni wenu sasa.

Nikajiandaa. Nikatafuta rafu, nikaifuta vumbi. Dawa ni zilezile, kidonge kilekile, bure. Kutoka geti lile hadi mlango wangu ni dakika nane kwa miguu, nimezipima. Waliokuja hadi leo nawahesabu kwa vidole na vidole vinabaki.

Swali: wako wapi? Na tafadhali mtu asije akaandika "unyanyapaa" halafu akanyamaza. Hilo neno nimelisikia kwenye semina mpaka limechuja. Nataka kujua kinachotokea hasa kati ya geti lile na mlango wangu.

#2 Mzee_Kahawa
Ngoja nivute kiti.

#3 Abu_Feri
Nesi, mimi nilikuwa napita geti hilo, au linalofanana nalo sana. Nijibu kama mteja.

Kwanza saa. Kituo kilifunguliwa saa nne asubuhi, kikifungwa saa mbili usiku, na Jumamosi pia. Kwenu dirisha la dawa ni saa mbili hadi saa saba, ukifika saa saba na dakika tano mfamasia yuko mkutanoni. Mimi nafanya kazi baa. Saa mbili asubuhi ndiyo kwanza nageuza mto.

Lakini saa si neno, mtu anaweza kuamka. Neno ni benchi. Benchi lenu limetazama njia ya kwenda wodi ya wazazi. Nikikaa pale nusu saa atapita shangazi, atapita mke wa mwenye nyumba, atapita na yule wa duka anayenikopesha. Kwenye geti la kijani nikionekana, nitasemwa niko na "wale". Kwenye benchi lenu nitasemwa nina virusi. Mtu akilazimika kuchagua la kusemwa, atachagua lile alilolizoea.

Halafu kulikuwa na pasi. Msicheke. Pasi ya umeme na meza yake, karibu na dirisha. Chumbani kwangu tokeni za stima zilikuwa zinaisha kabla ya wiki, kwa hiyo saa kumi jioni nilikuwa napeleka shati la kazi pale. Ukiwa unapiga pasi, mtu anakuuliza, "Wewe mara ya mwisho kupima lini?" Nimewahi kupimwa mara tatu nikiwa nimeshika shati mkono mmoja. Sijawahi kuamka nikasema leo nakwenda kupima. Nilikuwa nakwenda kupiga pasi.

#4 Mzee_Kahawa
Hospitali inunue pasi. Uzi umefungwa, twendeni tukalale.

#5 Karani_wa_Takwimu
Nitasema lisilopendeza. Nimewahi kuingiza takwimu kwenye mradi wa aina hii, mji mwingine. Mteja haandikwi jina, anapewa namba ya siri inayotokana na herufi za majina yake na taarifa za kuzaliwa. Kwa usalama ni jambo zuri. Lakini akitoa jina la utani kituo hiki na jina la babu yake kituo kile, tayari ni watu wawili. Na waelimishaji rika walikuwa na idadi ya kufikisha kila mwezi. Tarehe 25 ikifika, wateja walikuwa wanaota kama uyoga.

Kwa hiyo Nesi, kabla ya kuuliza wako wapi, uliza walikuwa wangapi. Huenda sanduku moja kati ya mawili yako ni la watu wa karatasi.

#6 Rika_Mstaafu
Karani wa #5 alikuwa na kompyuta na feni. Mimi nilikuwa na miguu.

Nilikuwa mwelimishaji rika miaka sita. Daftari langu nililijua kama vidole vyangu: huyu anameza saa tatu usiku, huyu anaficha chupa ndani ya gunia la mchele, huyu mpenzi wake hajui. Chupa za ARV zinalia kama kayamba, umewahi kusikia? Mtu anashuka kwenye matatu, begi linacheza ngoma. Tulikuwa tunazijazia pamba ndani ili zinyamaze. Hilo halikuwa kwenye mwongozo wowote, tulilibuni sisi.

Ijumaa ya 24 Januari agizo la kusimamisha kazi likatoka Washington. Sisi tukaambiwa geti lisifunguliwe, laini ya simu ya mradi ikazimwa. Mtu ananipigia kusema amebakiza vidonge vinne, namba haipo hewani. Mnauliza wako wapi? Waulizeni waliozima simu.

#7 Karani_wa_Takwimu
Kazi yako siikatai mkuu. Naikataa hesabu.

#8 Rika_Mstaafu
Njoo uhesabu pamba.

#9 Temeke_Kwetu
Ndugu zetu Wakenya, karibuni tulikokwisha pita. Julai 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusambaza vilainishi. Februari 2017 wizara ikasimamisha huduma kwenye vituo 40 vya mashirika yaliyokuwa yakihudumia makundi maalumu, ikasema watu waende vituo vya serikali. Hoja ilikuwa hii hii ya Nesi: dawa ni zilezile.

Niwape kisa kimoja. Rafiki yangu hapa Dar alikuwa anachukua dawa kwenye kituo kilichoguswa. CTC (kliniki ya dawa za HIV) ya karibu ilikuwa mtaa wa pili, na dada yake alikuwa anafanya usafi pale. Akahamia CTC ya mkoa mwingine, anapanda basi alfajiri, anarudi usiku. Kazini anaomba ruhusa ya msiba. Kwa muda ule alizika mashangazi wanne. Mpaka bosi akamuuliza, "Babu yako alioa wangapi?"

Kwa hiyo Nesi, baadhi ya watu wako wapo hai na wanameza. Wamejiandikisha mbali, kama wateja wapya, kwa majina ya halali. Daftari lako linasema wamepotea, daftari la mwenzako linasema wameongezeka.

#10 Karani_wa_Takwimu
Ndicho nilichosema. Mtu mmoja, namba mbili.

#11 Temeke_Kwetu
Hapana. Wewe ulisema hawapo. Mimi nasema wapo, wako kwenye basi.

#12 Ustadh_Mtaani
Assalaam alaykum. Nitauliza kwa adabu, nijibiwe kwa adabu. Mgonjwa wa kisukari anapanga foleni. Wa presha anapanga foleni. Hawa kwa nini wajengewe nyumba yao? Mwenendo wao siuungi mkono na sijifichi. Lakini sijasema wanyimwe dawa. Nasema foleni ni moja.

#13 Abu_Feri
Wa alaykum salaam Ustadh. Mgonjwa wa kisukari hajawahi kufuatwa na umati hadi mlangoni mwa kliniki. Mtwapa 2008 umeisahau?

#14 Kumbukumbu_za_Pwani
Masahihisho kidogo: ni Februari 2010. Palivuma kwamba kuna harusi ya wanaume wawili Mtwapa. Umati ukakusanyika, ukaelekea kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba. Kile kilikuwa kituo cha utafiti na tiba, si ukumbi wa harusi, na wala hapakuwa na harusi. Baada ya hapo watafiti walianza kuketi na masheikh na wachungaji, kuwaeleza kliniki inafanya nini. Naandika haya kwa sababu kila mara kisa hiki kinasimuliwa na mwaka tofauti.

#15 Ustadh_Mtaani
Kumbukumbu kasema kweli. Kimoja cha vikao vya namna ile, miaka ya baadaye, nilikaa mimi mwenyewe. Rai yangu haikubadilika. Hotuba yangu ilibadilika. Nilikuwa na tabia ya kutaja mitaa, "kule mtaa fulani kunafanyika haya". Mzee mmoja akaniuliza, ukishataja mtaa, mawe anabeba nani? Sikuwa na jibu. Sijataja mtaa tena.

Swali langu la foleni lakini liko palepale.

#16 Bi_Kidawa
Wanangu, mimi naishi na virusi tangu 2001. Mume alinitangulia. Ustadh nakuheshimu, ila nikwambie kitu kuhusu hiyo foleni. Zamani zile hospitalini sahani zetu zilioshwa mbali. Nesi (si huyu wetu wa uzi) alikuwa anakupa kipimajoto kwa ncha ya vidole kama anayelisha mamba. Tukaanza kukutana barazani kwa mwenzetu mmoja, wanawake watupu, jua likipungua. Kila mtu anakuja na dawa zake na tende mbili. Asiyekuja anafuatwa. Hakuna aliyetuuliza kwa nini tuna baraza letu wakati kuna hospitali.

Na sisi tuliiga. Kule Uganda mama Noerine Kaleeba, mumewe alipokufa kwa UKIMWI, aliwakusanya wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kusaidiana kwa walioguswa na UKIMWI, mwaka 1990.

#17 Kampala_Boda
Shikamoo Bi Kidawa. TASO ni 1987, samahani kwa kukusahihisha mkubwa wangu.

Niongeze ya huku. Sheria yetu Uganda dhidi ya ushoga ilisainiwa Mei 2023. Ndani yake kulikuwa na kipengele cha kumlazimisha mtu kuripoti, na kingine cha nyumba: ukijua unampangisha nani na ukampangisha, una kosa. Hebu fikiria daktari anakusikiliza kifua na wewe unajiuliza ataandika wapi, kwenye cheti cha dawa au kwa polisi. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ikavifuta hivyo viwili na vingine vichache, sheria iliyobaki ikaiacha isimame. Lakini mtu wa mtaani hasomi vifungu. Yeye alisikia "sheria imebaki", akabaki nyumbani.

Ila nampinga Abu_Feri kidogo. MARPI yetu, kliniki ya makundi yaliyo hatarini zaidi, ilikuwa ndani ya Mulago, hospitali kubwa ya serikali, na watu walikuwa wanakwenda miaka na miaka. Kwa hiyo ukuta wa serikali peke yake si sababu. Inategemea nani amekaa nyuma ya meza.

#18 Bi_Kidawa
Ahsante mwanangu, 1987. Uzee.

#19 Makame_Mswahili
Nitoke nje ya mada kidogo. Nyanya yangu Lamu jirani yake anamwita "shoga yangu" na wote wamepita sabini. Nikisoma uzi huu nacheka peke yangu.

#20 Bi_Kidawa
Shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Mimi nilikuwa na mashoga saba, wamebaki wawili. Neno letu mlilichukua bila hodi.

#21 Mzee_Kahawa
Kumbe Bi Kidawa ana mashoga saba na ametulia tu. Mwanaharakati mkubwa kuliko wote humu.

#22 Makame_Mswahili
Na mashoga na wenzao kule Kampala wanajiita kuchu, wanasema asili yake ni Kiswahili. Tukidai kodi ya maneno tutatajirika.

#23 Zuhura_K
Nirudishe mada. Nesi umeandika "akina dada trans", ahsante, wengine wetu hata hilo hatulipati.

Nina jibu langu la kati ya geti na mlango. Nilikuja. Siyo kwako labda, lakini hospitali ya serikali, baada ya kituo changu kufungwa. Nilivaa dera na mtandio, ndivyo ninavyovaa siku zote. Kitambulisho changu kina jina la kiume, kukibadilisha ni safari nyingine. Karani akachukua kitambulisho, akaniambia nikae. Baada ya saa nzima akatoka akaita. Majina yote matatu, kwa sauti ya mnadani. Watu wakatazamana wakimtafuta huyo mwanamume. Akaita mara ya pili. Nikisimama, nimejitangaza kwa benchi zima. Nisiposimama, nimepoteza zamu. Akaita mara ya tatu.

Sikusimama. Nilijifanya natafuta kitu mkobani, baadaye nikaondoka taratibu kama aliyepigiwa simu. Kituoni faili langu lilikuwa namba, na mdomoni nilikuwa Zuhura.

Karani wa #5, kwenye takwimu zako mimi ni "hajafika". Nilifika.

#24 Nesi_wa_Kivuko
Zuhura pole. Sisi pia tunaita majina. Kila asubuhi, mimi mwenyewe naita, na nina sauti kubwa, wenzangu hunitania. Sikuwahi kuliona hilo kama kitu. Niachieni nilifanyie kazi.

#25 Daktari_wa_Mbali
Nimesoma yote. Naona watu wawili wanachanganywa. Kuna mwenye virusi anayemeza ARV, na kuna asiye na virusi anayemeza PrEP asiambukizwe. Faili zao zinafanana kwa nje.

Pesa ziliposimamishwa, baada ya siku chache ulitolewa msamaha ili dawa za kuokoa maisha ziendelee. Kwa upande wa PrEP msamaha ule ulitaja wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kijana wa kiume anayemeza PrEP alikuwa na kila sababu ya kuelewa kwamba hahitajiki tena, na hakukosea kusoma. Pia PrEP si dawa ya maisha. Mtu akiachana na mpenzi anaweza kupumzika. Na wanaume wana njia ya mbili-moja-moja: vidonge viwili saa 2 hadi 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya vile viwili, kingine saa 24 baadaye. Shirika la Afya Duniani liliieleza tangu 2019. (Si kwa dada trans anayetumia homoni za estrojeni. Huyo ameze kila siku.) Anayemeza hivyo chupa moja inamfikisha mbali, haonekani kliniki, na hajapotea.

Nesi, fungua faili uangalie: ARV ngapi, PrEP ngapi? Wa PrEP watakunyima usingizi kidogo. Wa ARV wakikatiza, virusi vinarudi ndani ya wiki chache, hao ndio wa kutafutwa usiku. Akimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kulikuwa na utafiti Ulaya uliochapishwa 2019, wapenzi wa kiume jozi 782, mmoja ana virusi vilivyodhibitiwa, bila kondomu: maambukizi kutoka kwa mwenzi huyo yalikuwa sifuri.

#26 Kijogoo
Dawa nakubali, kondomu nakubali. Vilainishi ni anasa, hapo mlikuwa mnachezea pesa za watu.

#27 Daktari_wa_Mbali
Kijogoo, kondomu ni mpira. Pasipo kilainishi cha maji watu wanatumia kilichopo: mafuta ya nazi, mafuta ya mgando ya kujipaka. Mafuta hudhoofisha mpira ule ndani ya dakika chache, unapasuka. Ukitoa kondomu bila kilainishi ni sawa na kutoa mwavuli wenye tundu halafu ukalaumu mvua.

#28 Kijogoo
Sikuwa najua. Naendelea kusoma.

#29 Mkimya77
Sijawahi kuandika humu, leo nimeshindwa. Mnasimulia kituo kama pepo. Mimi nilitoka kituoni kabla hakijafungwa, kwa hiari yangu.

Mji mdogo. Wote tunajuana. Mtu niliyeachana naye kwa ugomvi ndiye aliyekuwa anatoa majibu ya vipimo. Nikipimwa, lazima apite mezani kwake. Siku moja nikamkuta mtu sebuleni pale ananitazama kwa huruma, nikajua nimeshasimuliwa. Pasi ilikuwapo ndiyo, na watu wenye masikio walikuwa wamekaa karibu na pasi.

Nikaenda hospitali ya serikali ya mji jirani. Muuguzi mzee, miwani imefungwa kamba shingoni. Hakuniuliza naishi na nani. Aliniuliza nimekula nini asubuhi. Akaandika, akanipa dawa za miezi sita, akasema tuonane mvua za masika. Kuna sisi ambao tunataka tusijulikane na yeyote, hata na wenzetu. Sisi hamtatuona kwenye sanduku la Nesi wala kwenye daftari la Rika.

#30 Rika_Mstaafu
Mkimya77, hilo ni kweli na linauma. Kiapo cha kutunza siri tulikuwa nacho, kimechapwa vizuri, kimetiwa fremu. Kilikuwa ukutani.

#31 Abu_Feri
Mimi nami nilisikia siri za watu nikiwa napiga pasi. Sikusema, lakini nilisikia. Nakiri.

#32 Mswahili_wa_Leeds
Salaam kutoka kwenye baridi. Kwani si nchi nyingi zilikubaliana Umoja wa Mataifa mwaka 2021 kwamba asilimia 80 ya huduma za HIV zitolewe na mashirika ya jamii yenyewe ifikapo 2025? Imekuwaje tena?

#33 Kumbukumbu_za_Pwani
Si huduma zote mkuu. Ni 30-80-60. Asilimia 30 ya huduma za kupima na tiba, 80 ya huduma za kinga kwa makundi yaliyo hatarini zaidi, 60 ya programu za kubadilisha mazingira, kama sheria na unyanyapaa. Hiyo 80 ni ya kinga tu.

#34 Mzee_Kahawa
Kumbukumbu, wewe ukiwa mwalimu wanafunzi watahama shule.

#35 Mswahili_wa_Leeds
Nimekubali, 30-80-60. Lakini kuna nchi imekaribia maana yake: Thailand. Bangkok kuna kliniki ya watu trans inaitwa Tangerine, tangu 2015, unapata ushauri wa homoni na kipimo cha HIV mlango mmoja. Zuhura, pale anayekuja kwa ajili ya homoni anapimwa akiwa hukohuko. Ni pasi ya Abu_Feri kwa sura nyingine. Na sehemu kubwa ya PrEP ya nchi nzima inatolewa na vituo vya jamii, wahudumu wakiwa wamefunzwa na kupewa cheti kinachotambuliwa na serikali.

#36 Karani_wa_Takwimu
Swali la karani: nani analipa?

#37 Mswahili_wa_Leeds
Wahisani walianza, baadaye mfuko wa bima ya afya wa taifa ukaingia, unayalipa mashirika kwa kazi wanazofanya.

#38 Karani_wa_Takwimu
Basi hiyo ndiyo tofauti. Kwao kituo kina mteja anayelipa nyumbani. Chetu kilikuwa na mteja mmoja, ng'ambo, akakata simu. Siku hizi naona kila mtu anaongelea mapenzi na heshima, hakuna anayeongelea kodi ya nyumba. Geti la kijani lilikuwa na mwenye geti.

#39 Temeke_Kwetu
Hapo nakuunga mkono, na tarehe iandikwe.

#40 Ustadh_Mtaani
Bi Kidawa, nimefikiria juu ya baraza lenu. Mlikuwa wajane na wagonjwa. Sioni kama ni jambo moja na hili.

#41 Bi_Kidawa
Ustadh, si kwamba sisi tulikuwa wema. Mimi nilisemwa kuwa malaya nikiwa nimevaa eda. Baadaye wakachoka kutusema, ndipo tukawa wajane.

#42 Nesi_wa_Kivuko
Nimerudi. Jana nilikuwa zamu ya usiku, kukawa kimya, nikakata selotepu nikasoma jalada moja baada ya jingine.

Daktari, kweli, nyingi ni za PrEP. Sikuwa nimezitenga. Karani, nimekuta herufi na tarehe zinazofanana mara kadhaa, ila sanduku zima hapana. Temeke, mbili nimezigundua: zimeombewa uhamisho kwenda kaunti nyingine na barua haikuwahi kujibiwa. Kwa hiyo kila mmoja wenu amepata faili lake.

Lakini kuna kitu ambacho hamkukisema. Ndani ya majalada ya ARV kumebandikwa vikaratasi vidogo vya njano. Mwandiko mmoja wote. "Piga baada ya saa kumi." "Usitume ujumbe, simu ni ya mama." "Mwite Baba Asha." "Mvua ikinyesha haji, mpelekee." Kimoja kimeandikwa "hapendi pamba", basi. Nilikaa na hicho kikaratasi muda mrefu.

#43 Rika_Mstaafu
Huo ni mwandiko wangu.

"Hapendi pamba" alikuwa anasema vidonge vinakuja na nyuzi mdomoni. Tukamfungia kwenye karatasi ya chapati, moja moja, kama karanga. Yuko Malindi kwa mjomba wake. Anameza. Mwezi uliopita nilimpigia kwa pesa yangu. Baba Asha sijampata.

#44 Nesi_wa_Kivuko
Unaweza kuja? Siku moja tu, tupitie ya ARV pamoja.

#45 Rika_Mstaafu
Nauli ninayo. Uliza kwanza kama naruhusiwa.

#46 Nesi_wa_Kivuko
Nimeuliza asubuhi hii. Mkuu wa kliniki anasema asiyeajiriwa haruhusiwi kugusa faili za wagonjwa, ni sheria ya faragha. Na sheria ipo, hajatunga.

#47 Rika_Mstaafu
Faili nilizoziandika.

#48 Karani_wa_Takwimu
Nesi, faili asiguse. Vikaratasi vya njano si faili. Visomee kwenye simu, bila namba wala jina, yeye atajua ni nani.

#49 Mzee_Kahawa
Karani leo kaamka upande gani wa kitanda?

#50 Nesi_wa_Kivuko
Nitafikiria. Zuhura, tumeanza kuita namba. Siku ya kwanza namba 6 walisimama watu wawili, mmoja alikuwa ameshika 9 kichwa chini. Tunaendelea kujifunza.

#51 Zuhura_K
Hahaha. Nimeona. Sijasema nakuja.

#52 Abu_Feri
Dirisha la dawa bado ni saa saba?

#53 Nesi_wa_Kivuko
Saa saba. Ila mimi nabaki hadi saa tisa napanga rafu. Kuna mlango wa nyuma, upande wa tangi la maji.

#54 Abu_Feri
Na benchi?

#55 Nesi_wa_Kivuko
Benchi limezamishwa kwa saruji. Fundi anasema aandikiwe barua.